Mbwa Akae Nyuma Yako: Majibu kwa Wavuvi wa Trauti

Barua tatu zilizotufikia mwezi huu, zote kutoka Nairobi, zinamhusu mbwa anayefuatana na mvuvi kwenye mito ya trauti, samaki wa maji baridi. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayobeba mzizi wa mambo yote, na mbili zilizobaki nimezijibu kwa kadiri zilivyouliza.

Je, mbwa na trauti wanaweza kupatana?

*Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Zimmerman, na nina mbwa dume wa miaka miwili, mwenye damu ya kienyeji na ya jamani shepadi. Mjomba wangu wa Othaya alinifundisha kuvua trauti kwa nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, nilipokuwa shuleni, na tangu nimpate mbwa huyu nimetamani sana twende naye mtoni. Mwezi uliopita nilimpeleka. Nilipoutupa mshipi mara ya kwanza tu, aliruka majini akiufuata, na tulipita vidimbwi vitatu bila samaki hata mmoja kugusa ndoano. Mzee mmoja aliyekuwa akivua chini yetu alikunja mshipi wake akaenda zake bila kusema neno, nami nilirudi nyumbani na fedheha. Je, niache kabisa kwenda naye, au kuna njia?*

Marahaba, kijana wangu. Njia ipo, wala usimlaumu mbwa, kwa maana alifanya kile ambacho mbwa yeyote mwenye afya angefanya akiona uzi wenye rangi ukipaa hewani na kutua majini. Kilichokosekana ni mafunzo, na mafunzo hayo hayafanyiki mtoni. Hufanyika nyumbani, wiki kadhaa kabla ya safari.

Kwanza tumwelewe samaki mwenyewe, kwa sababu ukijua anachokiona na anachokisikia utajua pia mahali pa kumweka mbwa. Trauti hukaa akiuelekeza uso juu ya mto, kule maji yanakotoka, akingoja mkondo umletee chakula. Ndiyo maana wavuvi humwendea kutoka chini kwenda juu, wakiwa nyuma ya mkia wake. Juu ya kichwa chake uso wa maji humfungulia duara la mwanga, na kupitia humo huuona ulimwengu wa nje. Upana wa duara hilo ni kama mara mbili na robo ya kina alichopo. Samaki aliye sentimita 60 chini ya maji ana dirisha la upana wa mita 1 na sentimita 36 hivi, na vitu vyote vya ukingoni humfikia vikiwa vimebanwa pembezoni mwa dirisha hilo. Kitu kilicho chini sana, karibu na usawa wa maji, hakioni vizuri. Mbwa aliyesimama ukingoni, masikio juu na mkia ukipepea, anaonekana. Mbwa huyo huyo akilala kwenye nyasi hatua kumi nyuma, kwa samaki ni kama hayupo.

Kuhusu kusikia, ubavuni mwa trauti kuna mstari wa vinyweleo vya hisia, ambao hupokea mtikisiko wa maji. Kubweka hakumsumbui sana, kwa kuwa sauti ya hewani huingia majini kwa shida, ila miguu minne inayokimbia juu ya ukingo wa udongo laini, au mawe yanayogongana chini ya kwato au kucha, humfikia mara moja. Liko jambo la tatu ambalo wavuvi wengi wa kwetu hawalitilii maanani, nalo ni harufu. Tangu miaka ya 1950 watafiti wa samaki nchini Canada waliona kwamba samaki wa jamii ya salmoni, ambayo trauti ni mmoja wao, husita na kurudi nyuma maji yanapowaletea harufu ya ngozi ya mnyama anyonyeshaye, na mikono ya binadamu imo katika hesabu hiyo. Mbwa akioga juu ya mto, samaki walio chini yake hupata habari zake kabla hujafungua mkoba wako. Mzee yule aliyekunja mshipi alikuwa chini yenu, nawe sasa unaona alichokuwa akikijua.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mbwa awe nyuma yako, upande wa chini wa mto, mbali na ukingo, amelala. Ukivua ukipanda mto, kila kidimbwi unachomaliza ndicho mbwa anachoruhusiwa kukisogelea baadaye. Kama ataoga, na aoge mwisho wa siku, mahali ambapo hakuna mvuvi mwingine chini yenu. Na ikitokea amekuponyoka akaingia kidimbwini, keti, mpe maji nusu saa yatulie, kisha uanze upya ukiwa umesogea juu.

Sasa mafunzo. Chukua kipande cha gunia, kikubwa kiasi cha mbwa kulala akiwa amejikunja, na kiwe chake peke yake. Mfundishe kwamba gunia likitandikwa yeye hulala juu yake, na haondoki mpaka wewe mwenyewe umrudie na kumgusa begani. Usimwite kutoka mbali katika hatua hii, kwa sababu mbwa aliyezoea kuitwa kutoka kwenye gunia atakuwa akilingoja kila neno lako kama ruhusa ya kuondoka. Anza kwa dakika moja ukiwa karibu naye, kisha dakika tatu ukiwa hatua tano, na uongeze polepole. Zawadi mpe akiwa bado amelala. Ukimpa akiisha inuka, umemfundisha kuinuka.

Akiweza kutulia robo saa, leta fimbo ya kuvulia. Ondoa ndoano, funga kipande cha uzi wa sufu mwekundu mwishoni mwa mshipi, usimame uani na kuurusha mbele na nyuma kama ulivyo mtoni. Hapa ndipo utakapoujua moyo wa mbwa wako. Mlio wa mshipi ukipita hewani humchoma. Utamwona akitetemeka mabega, macho yakiufuata uzi kushoto na kulia, miguu ya mbele ikijikusanya chini ya kifua. Ukiona miguu hiyo inakusanyika, shusha fimbo, usiseme kitu, mrudishe alale sawasawa na uanze tena na mirusho miwili tu. Wa kwangu wa sasa, jike jeusi la kienyeji, alichukua jioni kumi na moja kabla ya kuushusha uso wake juu ya miguu yake na kuacha kuufuata uzi. Siku alipoupumulia uzi pumzi ndefu na kufumba macho, nilijua tumefika.

Kutoka hapo mpeleke mahali penye maji yanayotiririka. Wewe uko Zimmerman, na Msitu wa Karura hauko mbali. Mbwa huruhusiwa kuingia mle akiwa amefungwa kamba, na kuna mito na maporomoko yanayovuma vya kutosha kumzoesha. Tandika gunia lake kando ya njia, mbali na wapita njia, umlaze akiyasikiliza maji huku kamba ikiwa mkononi mwako. Huko usipeleke fimbo ya kuvulia.

Tukija kwenye mito yenyewe, lazima niseme wazi mahali usipoweza kwenda naye. Mbwa hawaruhusiwi ndani ya mbuga za taifa, na hiyo ina maana sehemu za juu za Mto Gura na Mto Chania zilizo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare, pamoja na eneo la Maporomoko ya Karuru, hazikuhusu ukiwa naye. Usijaribu kumficha garini. Mbwa aweza kuwaambukiza wanyama wa mbugani kichaa cha mbwa na magonjwa mengine, na mbuga ina simba na chui ambao kwao mbwa ni kitoweo tu. Zilizobaki ni sehemu za chini, mito inakopita kwenye mashamba ya majani chai na makazi ya watu, pamoja na misitu ya serikali ambako utaomba ruhusa kwa askari wa msitu langoni. Mto Gatamaiyu, katika msitu wa Kereita unaoufikia kupitia Kimende, ndio ulio karibu zaidi nasi watu wa Nairobi. Mathioya, Ragati, Sagana na Thiba ni za mtu anayeweza kulala huko. Popote uendapo, beba leseni yako ya kuvua, uulize ofisi ya uvuvi ya mahali hapo kuhusu mito iliyofunguliwa na ukubwa wa samaki unaoruhusiwa, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe mfukoni, chanjo yenyewe ikiwa ya ndani ya mwaka huo.

Samaki hawa si wenyeji, na hilo linaeleza kwa nini huwapati popote utakapo. Trauti wa kahawia waliletwa mwaka wa 1905 kutoka Loch Leven kule Scotland, mayai yao yakapandwa katika Mto Gura huo huo, unaopita upande wa Othaya kwa mjomba wako. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mwaka wa 1910 kutoka Afrika Kusini, na tangu 1948 kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kimekuwa kikilea vifaranga wa kupandikizwa mitoni. Wanahitaji maji ya baridi yenye hewa nyingi, ya nyuzi 10 hadi 16, na joto likipita nyuzi 20 huanza kuhangaika. Basi kumbuka kwamba maji yanayomfaa samaki yanamchosha mbwa mwenye manyoya mafupi. Asubuhi za Juni hadi Agosti, ukungu ukiwa bado umelalia mianzi, mbwa aliyelowa akalazwa juu ya gunia atatetemeka kwa dakika chache tu. Beba gunia la pili kavu na taulo nzee, umkaushe kwanza tumbo na kwapa. Wakati wa masika na vuli mito hujaa na kuwa myekundu kwa udongo. Hata samaki hawaoni nzi wako, na mbwa aweza kusombwa. Subiri mvua zipite.

Mwisho, ndani ya msitu kamba isiondoke shingoni. Nasema haya kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita, kwenye ukingo wa Thiba, nilimwachilia mbwa wangu wa kwanza anyooshe miguu nilipokuwa nikibadilisha nzi. Aliingia kwenye mianzi, akabweka mara mbili kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kisha akatoka mbio akija moja kwa moja kwangu, na nyuma yake nyati dume. Mbwa akiogopa hukimbilia kwa bwana wake, na hilo ndilo linaloua watu. Nilijirusha nyuma ya jiwe lililokuwa katikati ya mto, maji yakinifika kiunoni, nikakaa pale mpaka nyati akachoka kutuangalia. Mbwa alipona siku hiyo. Msimu uliofuata alinasa mguu katika mtego wa waya uliotegwa kwa ajili ya paa, na ule mguu haukupona vizuri tena. Kamba ya mita tano ingemwepusha na yote mawili.

Usimwache mbwa wako nyumbani, kijana wangu. Mpe wiki nne au sita za gunia, kisha mwende Gatamaiyu kwa nusu siku, uvue kidimbwi kimoja tu huku ukimtazama yeye kuliko samaki.

Ndoano ikimnasa mbwa

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buruburu. Mwanangu wa kwanza anapenda kuvua na huandamana na mbwa wetu. Wiki iliyopita ndoano ilimnasa mbwa mdomoni wakati kijana alipokuwa akiurudisha mshipi nyuma, naye kwa hofu akaivuta kwa nguvu na kuupasua mdomo. Tafadhali tueleze inavyotolewa. Pia, kuna ubaya mbwa kula matumbo ya samaki yanapotupwa?*

Pole sana, mama, na mpe pole kijana. Hofu humfanya hata mtu mzima avute. Ndoano ya kawaida ina mwiba mdogo karibu na ncha yake, unaotazama nyuma, na kazi ya mwiba huo ni kuzuia ndoano isirudi ilikoingilia. Ndiyo maana kuivuta hupasua. Njia sahihi ni kuisukuma mbele.

Mtu mmoja amfunike mbwa kwa shuka na kukibana kichwa chake kwapani, huku akimsemesha kwa upole. Wa pili akate mshipi kwanza, kisha aishike ndoano kwa koleo karibu na pete yake na kuisukuma kwa kuifuata ile mviringo yake mpaka ncha na mwiba vitokeze upande wa pili wa ngozi. Mwiba ukionekana wote, ukatwe kwa koleo ya kukatia nyaya huku mkono mwingine ukiukinga usiruke machoni, halafu kilichobaki kirudishwe nyuma kilikoingilia, na safari hii kitateleza bila kupinga. Osheni kidonda kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na kutiwa chumvi kidogo. Kama ndoano iko kwenye kope, kwenye ulimi au ndani ya koo, msiiguse, mpelekeni kwa daktari wa mifugo kama ilivyo. Wala msimpe vidonge vya maumivu vya binadamu. Ibuprofeni humharibu mbwa tumbo na figo.

Mkinge yasirudi tena. Kijana auminye mwiba wa kila ndoano kwa koleo mpaka ulale kabla hajatoka nyumbani. Samaki wachache watamponyoka, ndiyo, lakini ndoano isiyo na mwiba hutoka katika mdomo wa mbwa, au katika shingo ya kijana mwenyewe, kwa kurudishwa tu. Naye kabla ya kila mrusho ageuze kichwa aangalie nyuma. Nimeeleza hapo juu jinsi mbwa anavyofundishwa kulala hatua kumi kutoka kwa mvuvi. Hatua hizo zihesabiwe kando ya njia ya mshipi, si chini yake.

Kuhusu matumbo, ubaya upo, na mkubwa kuliko wa mdomo. Trauti aliyekata mshipi wa mvuvi mwingine huweza kuwa na ndoano tumboni, na mbwa hula bila kutafuna. Mkiona uzi unaning'inia mdomoni mwa mbwa, msiuvute hata kidogo. Mwisho wake waweza kuwa umeshika utumbo, na uzi wa nailoni ukivutwa huukunja utumbo kama kamba ya suruali na kuukata. Acheni kipande kirefu kikining'inia, msimpe chakula wala kumtapisha, mkimbilieni daktari mwenye eksirei siku hiyo hiyo. Nyama ya trauti ni chakula kizuri kwa mbwa ikiwa imepikwa na miiba imetolewa kwa vidole, vipande vya uti wa mgongo vikiwa vya kwanza. Mbichi isimpewe, kwa sababu ya minyoo. Matumbo yafungwe kwenye mfuko na kurudi nayo nyumbani.

Dawa ya kupe kabla ya safari

*Ninaishi Kawangware. Kwa kuwa msituni kuna kupe wengi, huwa namwosha mbwa wangu kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe asubuhi ile ile tunapoondoka kwenda mtoni. Rafiki yangu anasema nafanya vibaya. Yupi ana haki?*

Rafiki yako, ndugu yangu, ingawa wazo lako la kumkinga mbwa ni jema. Kupe wa nyanda za juu wana homa kali. Mbwa aliyeambukizwa hupauka ufizi, hukosa nguvu, na mkojo wake huweza kugeuka kuwa wa rangi ya chai ya rangi. Lakini dawa za kuogeshea mifugo, zile zenye amitrazi na zile za jamii ya pirethroidi, ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wa majini ambao trauti huwategemea. Mbwa aliyeoshwa alfajiri akaingia mtoni saa nne huacha sehemu ya dawa hiyo majini, na kijito chembamba cha kiangazi hakina maji ya kutosha kuiyeyusha. Zaidi ya hayo, dawa ya ng'ombe ikichanganywa kwa kukisia humdhuru mbwa mwenyewe, hasa mdogo.

Muulize daktari wa mifugo kuhusu kidonge cha kumeza cha kupe, ambacho hufanya kazi ndani ya damu na hakioshwi na maji. Kama utatumia dawa ya kupaka, ipake wiki moja au zaidi kabla ya safari, kisha siku ya mtoni mzuie kabisa kuingia majini. Mkirudi, mkague kwa vidole kabla hajaingia ndani: ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingoni, kwapani, kati ya vidole vya miguu na kuzunguka mkia. Kupe utakayempata mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu na moja kwa moja, bila kumpaka mafuta ya taa wala kumchoma kwa kiberiti, kwa kuwa kupe aliyechokozwa hutapika mate yake ndani ya kidonda. Andika tarehe. Mbwa akikataa chakula ndani ya wiki tatu zinazofuata, mpeleke kwa daktari na umwambie mlikuwa msitu gani.